Imepokewa

Asubuhi nafungua bahasha.
Mchana nachapa hati za mashtaka.
Ni meza moja, kiti kimoja,
ghorofa ya nne, Toledo, jimbo la Ohio,
na dirisha linalotazama maegesho ya magari
na mto wenye rangi ya chai iliyopoa.

Bahasha ya Bernadine Szymczak naijua kabla ya kuisoma:
hubandika stempu kichwa chini,
na ndani, hundi ya dola arobaini
imekunjwa katika karatasi ya daftari.
"Hii ni ya Februari. Samahani, theluji ilifunga barabara."
"Hii ni ya Mei. Goti la Casimir linaendelea vizuri."
Kana kwamba tuliuliza.
Kana kwamba goti lile, lililotiwa chuma hospitalini,
silo deni lenyewe.

Nagonga mhuri: IMEPOKEWA.

Dawa ya deni ni kulipa, tunaambiwa.
Hakuna anayetaja dozi.
Deni: elfu sita na mia tatu.
Riba kwa mwezi: arobaini na mbili.
Bernadine hulipa arobaini, hakosi,
na kila mwezi anarudi nyuma dola mbili,
kama mtu anayepanda ngazi ya umeme
inayoshuka,
mfuko wa viazi kifuani,
akiwaomba radhi walio nyuma yake.

Siku jina lake lilipoingia kwenye rundo la mchana
nilidhani ni makosa. Nikamwendea wakili Haverkamp.
"Huyu analipa," nikasema.
Alikuwa anakula tufaha. Hakukasirika. Ni mpole,
hutuletea keki siku zetu za kuzaliwa.
"Kuna mkataba? Kuna sahihi yetu mahali popote?"
Hakuna.
"Basi anatoa tu. Kupokea si kukubali."

Nikarudi, nikachapa.
Jina lake lina z mbili.
Nilihakikisha zote zipo.

Mahakamani nilibeba mafaili.
Washtakiwa thelathini na tisa hawakutokea;
kila kesi ilikwisha kwa muda wa chafya moja.
Yake ilichukua dakika nne.
Alikuja na sare ya jikoni ya shule, harufu ya vitunguu,
na kopo la biskuti za siagi
lenye risiti ishirini na sita, zimefungwa kwa mpira wa nywele.

"Mlikubaliana nao?" hakimu akauliza.
"Walipokea."
"Nauliza kama walikubali."
Akalitazama kopo, kama vile jibu
lingekuwa chini kabisa, kwenye makombo.
"Mara ishirini na sita," alisema.
"Walipokea."

Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
Sheria ilikuwa palepale alipoiacha.
Robo ya mshahara,
ikatwe huko huko kazini
kabla haijaonja mkono wake.

Ningependa kusema nilifanya jambo.
Nilimshikia mlango.
Alinishukuru, akaniambia nijifunike, kuna upepo.
Hakujua kwamba goti la mumewe nalijua
kuanzia mshono wa kwanza
hadi siku aliposhuka ngazi bila fimbo.

Oktoba wakakata. Wakakata tena.
Kompyuta ilifanya yenyewe, mimi nilitazama tu
tarakimu zikipungua, hatimaye zikipungua,
na nilipiga hesabu ya vitunguu ni vingapi,
nikaacha.

Ijumaa ya kwanza ya Novemba,
kati ya matangazo ya mazulia na bili ya maji,
stempu kichwa chini.

Dola arobaini.

"Hii ni ya Novemba. Najua mmeshachukua.
Lakini nilikuwa nimeahidi."

Mhuri ulikuwa tayari mkononi.
Nikafungua droo kutafuta mwingine,
wenye neno jingine.

Hatuna mwingine.